Ufunguo wa Pisini Uliokwenda Pweto

Jumapili tarehe nane ya mwezi wa tisa, asubuhi, mume wangu alifariki hospitalini wakati mimi nilikuwa nimetoka kumtafutia mkate. Siku sita baadaye ufunguo wa pisini uliondoka mtaani kwetu. Kifo kilikuwa kazi ya Mungu, na ya tension, shinikizo la damu lililopanda siku nyingi bila kupimwa. Lakini ufunguo uliondoka mbele ya macho yangu, na mimi nikanyamaza. Watu wa mtaa wanaposimulia habari hii wanasema mjane maskini hakujua. Nilijua. Ndiyo sababu naandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la sita.

Pisini yetu, bwawa la kuogelea la mtaa wetu hapa Lubumbashi, si kubwa. Ilijengwa zamani kwa ajili ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na kazi za mgodi zilipopungua ikabaki tupu miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na vyura, majani, na fremu ya baiskeli ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Halafu msimu mmoja wa mvua watoto wawili wa avenyu ya nyuma yetu walikufa katika shimo la zamani la mgodi. Mashimo hayo yako mbele kidogo ya mwisho wa mtaa. Mvua ikiyajaza, maji yake yanakuwa ya kijani kizuri, na mtoto hawezi kujua kwamba ukingo wake unakatika ghafla kama ukuta. Baada ya mazishi ya wale wawili, wazazi walikwenda komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kwa miguu, wakakaa nje mpaka bourgmestre, mkuu wake, akawapokea. Waliomba pisini ya zamani itengenezwe ili watoto wajifunze kuogelea mahali ambapo mtu mzima anawaona.

Komini ilikubali kwa namna yake. Ilileta fundi wa kuziba nyufa, ikaleta pampu, ikakubali kulipa umeme, na kila miezi mitatu ilikuwa inaleta dawa ya maji katika pipa la buluu. Mtaa ulitakiwa kuunda komite na kumtoa mtu mmoja wa kutunza maji. Na mama mmoja wa usafi, mfanyakazi wa komini, alipewa haki ya kuja siku yoyote na kufunga geti kama maji si mazuri. Mtu aliyetolewa na mtaa alikuwa mume wangu.

Kazi ya maji alikuwa amejifunza upande wa Karavia, kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Kwa miaka saba alisafisha pisini ya familia moja ambayo haikuogelea hata mara moja. Aliniambia kwamba jambo hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe. Ya mtaani kwetu ilipofunguliwa, alikuwa anarudi nyumbani amechoka lakini anazungumza. Mimi nilikuwa nambebea ndoo. Mwezi wa kumi, jakaranda zinapomwaga maua, nilikuwa natoa maua majini kwa wavu kuanzia asubuhi, na nikimaliza upande mmoja upande mwingine ulikuwa umejaa tena. Jina langu halikuandikwa kwenye karatasi ya komini. Jambo hilo halikunisumbua.

Alikuwa na taratibu zake. Kila asubuhi alitupa kifuniko cha chupa upande wa kina kirefu, akasimama ukingoni na kutazama. Kama hakioni kikiwa chini kabisa, siku hiyo hakuna anayeingia, hata watoto walie. Na mtoto akifika lazima avue sapatu zake na kuzipanga kwenye mstari kando ya geti, kila jozi pamoja, vidole vikitazama nje. Jioni alipuliza firimbi, watoto wakatoka, kila mmoja akavaa zake. Yeye alikuwa hatazami watoto. Alitazama mstari. Mstari ukiwa mtupu, ndipo alipofunga. Firimbi hiyo ilikuwa ya chuma, imechakaa pale meno yalipokamata, na alikuwa anaivaa shingoni hata kanisani, chini ya shati.

Sasa nieleze ufunguo. Chini ya kifuniko cha chuma karibu na nyumba ya pampu kuna bomba kubwa lenye vane ya zamani, vali ya kufungua na kufunga maji. Maji yote yanapita hapo kwenda kwenye tangi la mchanga kuchujwa. Vane hiyo haina usukani. Ina kichwa cha shaba chenye pembe nne, nacho kinageuzwa na ufunguo mmoja tu, chuma kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, chenye mpini wa kupinga juu. Ulitengenezwa wakati wa kampuni ya mgodi, katika karakana ambayo haipo tena. Mume wangu aliuweka katika sanduku lake la vyombo nyumbani, kwa sababu chuma kikilala nje mtaani kwetu, asubuhi kimeshauzwa.

Ijumaa kabla hajafa alifunga vane ili asafishe mchanga. Hakumaliza. Alikaa juu ya kile kifuniko cha chuma akashika kichwa, akaniambia atafungua kesho. Usiku tulimpeleka hospitali. Kwa hiyo vane ilibaki imefungwa, na ufunguo ukarudi sandukuni, kwa kuwa mimi mwenyewe niliurudisha.

Kilio kilifanyika nyumbani kwetu. Komite ilileta bâche, turubai la kivuli, na viti. Familia yake ilifika kutoka Pweto juu ya kamiyo, lori la samaki, watu tisa, mbele yao kaka yake mkubwa, ambaye ana mashine ya kusaga mahindi. Mama yao hakuweza kuja. Macho yake yamekwisha na miguu imevimba. Tulizika Jumatano. Jumamosi wakagawa vitu.

Kwao, mwanaume akifa, sanduku lake la vyombo linakwenda kwa kaka mkubwa wa baba mmoja. Na halifunguliwi kwenye kilio. Linafungwa kamba mbele ya watu wote, linasafiri limefungwa, na kaka ndiye anayelifungua kwake, ili asije mtu akasema nyundo fulani ilikuwamo na mjane kaitoa. Ni utaratibu mzuri. Umezuia ugomvi mwingi. Mjane anakaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooka, hasemi kitu wakati vitu vinatoka nyumbani. Akisema, watu wanaanza kujiuliza anaficha nini.

Mimi nilikuwa naficha kitu. Hospitalini walinipa nguo zake katika mfuko, na firimbi ilikuwamo. Nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kikwembe changu, kiunoni, upande wa kushoto. Vitu alivyovaa mtu siku ya mwisho ni vya familia yake. Nilijua hilo pia.

Walibeba redio, wakabeba suti na viatu. Walipoinua sanduku, shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliinama karibu nami akauliza kama wanavyouliza siku zote.

"Mama, kumebakia kintu?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Kaka mkubwa alifunga kamba mara tatu. Nilisikia ufunguo ukigonga upande wa ndani wa sanduku lilipokuwa linapanda kwenye kamiyo. Neno moja lingetosha. Ningesema, ndani kuna chuma cha komini. Lakini wangefungua mbele ya watu, wangeanza kuhesabu kilichopo na kisichopo, na mtu angeuliza firimbi iko wapi. Nilichagua firimbi. Sikulifikiria kwa maneno hayo siku ile, ila nilichofanya ni hicho.

Rais wa komite ni mwalimu wa zamani, mtu mrefu anayevaa kofia ya kitambaa hata ndani ya nyumba. Alinisubiri wiki nzima kabla hajauliza. Alikuja, akakaa, akaulizia usingizi wangu, akaulizia mguu wangu unaoniuma, halafu akasema kwamba pampu inanguruma lakini maji hayaendi. Akaniuliza kama najua ufunguo wa vane uko wapi. Nilimwambia sijui, labda marehemu aliuacha kule kule.

Siku iliyofuata yeye na wanaume watatu wa komite walikwenda kuutafuta. Walitoa mchanga wote katika tangi kwa koleo, wakaupitisha mkononi. Walifukua kuzunguka nyumba ya pampu. Walikuwa wanataniana. Mmoja, fundi wa redio, alisema marehemu alikuwa mgumu kiasi kwamba ameuchukua ili tusiharibu maji yake, na wenzake wakacheka, halafu wakaona nimesimama pale wakaomba radhi. Nilikuwa nimewaletea maji ya kunywa. Niliwapa kila mmoja kikombe, rais nikamjazia cha pili, na nikarudi nyumbani. Walichimba mpaka jioni.

Fundi wa kuchomelea wa barabara kubwa alijaribu kutengeneza mwingine. Alipima kichwa kwa karatasi, akachoma, akaja kujaribu. Chuma chake kiliteleza, shaba ikang'aa pembeni. Aliacha mwenyewe. Alisema akijaribu tena, zile pembe nne zitakuwa mviringo na hapo hata ufunguo wenyewe ukipatikana hautashika kitu.

Maji yalianza kuwa na utelezi, kisha yakageuka kijani. Kifuniko cha chupa hakikuonekana hata upande wa watoto wadogo. Mama wa usafi, yule wa komini, alifika. Ni mwanamke mkali lakini hana kiburi, anakuja na pikipiki ya taksi na daftari katika mfuko wa plastiki. Alichota maji katika chupa, akaitazama kwenye jua, akaandika. Rais wa komite alianza kueleza habari za msiba. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, kisha akasema:

"Miye naandika tu byenye naona. Leo naona majani."

Alieleza kwamba pisini ikikaa hivyo mbu watazaliana, na kwamba komini haiwezi kuendelea kulipa umeme wa pampu isiyosukuma maji. Alitupa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ataweka kufuli ya komini, pampu itaondolewa na kupelekwa mahali pengine, na mtaa ukiitaka tena utaanza upya kuomba. Alifunga daftari. Mbingu ilikuwa imeanza kukusanya mawingu ya alasiri, yale yanayokuja na kuondoka kabla mvua haijaamua.

Hata hapo sikusema.

Nilisema siku tatu baadaye, na si kwa sababu ya dhamiri. Nilikuwa nauza maandazi barabarani nikaona watoto wanne wanapita, wasichana wawili na wavulana wawili, nywele zimelowa. Nilidhani wametoka kwenye bomba. Kisha nikaona vifundo vya miguu. Vilikuwa na udongo mwekundu wenye chembe za kung'aa, udongo wa mashimo, ambao hauko mahali pengine mtaani. Maji ya mwaka uliopita bado yalikuwa chini huko, na walikuwa wameteremka kuyafuata. Niliwauliza wametoka wapi. Msichana mkubwa alisema kwamba pisini imekufa, kwa hiyo wanakwenda kule. Alijibu kwa heshima na kunisalimu.

Niliwaachia jirani maandazi. Nilimkuta rais wa komite anasoma gazeti la zamani kwenye baraza lake. Nilibaki nimesimama. Nilimwambia ufunguo uko Pweto, ndani ya sanduku la vyombo, na kwamba nilijua tangu siku ulipoondoka. Habari ya firimbi sikumwambia.

Alikunja gazeti. Alichukua muda kulikunja.

"Mama, ile siku tulichimba mu muchanga, ulituletea mayi ya kunywa."

"Ndiyo, papa."

"Nilikunywa bikombe mbili."

Aliingia ndani akatoka na simu yake. Tulimpigia shemeji yangu wa Pweto mara nyingi kabla mtandao haujashika. Nilieleza. Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa mashine yake ya kusaga, kisha akaizima. Nilifikiri atasema atautuma na dereva. Alisema nije mwenyewe, kwa sababu mama anauliza habari zangu.

Rais wa komite alikwenda komini siku hiyo hiyo. Sijui alimwambia nini mama wa usafi. Najua kwamba aliporudi alikuwa amepewa siku kumi, na kwamba hakumtajia mtu yeyote mtaani jambo langu. Ndiyo maana watu wanaamini sikujua.

Nilisafiri juu ya kamiyo iliyobeba saruji na magodoro. Tulipita Kasenga, tukalala Kilwa, na siku ya pili tairi likatuchelewesha mpaka jioni. Nilikuwa na nguo nyeusi, kwa hiyo watu walinipa nafasi nzuri karibu na magodoro na hawakuniuliza mengi. Firimbi nilikuwa nayo shingoni, ndani ya blauzi. Sikuweza kuiacha nyumbani. Njia nzima niliwaza kwamba nitarudi na vyote viwili.

Pweto inanuka samaki kabla hujaona ziwa. Nyumba ya shemeji iko nyuma ya soko, na mashine yake ya kusaga iko ndani ya kibanda cha mabati ambacho kimekuwa cheupe kwa unga, kuta, paa, na yeye mwenyewe. Alinipokea kama inavyotakiwa. Tulilia pamoja kidogo, tukakaa. Mke wake alileta bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Tulipomaliza kula alinipeleka kibandani. Ufunguo ulikuwa umening'inizwa ukutani kwenye msumari, peke yake, umesafishwa na kupakwa mafuta.

"Shemeji, nilikuwa najiuliza hii kintu inafungua nini. Nimejaribu kwa mashine yote ya hapa Pweto. Bantu banaanza kunicheka, banasema ndugu yako amekuachia ufunguo ya mbinguni."

Alicheka mwenyewe, na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Aliuning'iniza ule ufunguo mkononi akipima uzito wake. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile kwa nini sikusema siku ya kugawa. Nilisema mjane hasemi. Akasema ni kweli, mjane hasemi, lakini ndugu yake alikuwa anamwambia kwa simu kwamba mke wake anaijua ile kazi ya maji kuliko yeye, na mtu anayeijua kazi hawezi kuacha chuma cha kazi kiende bila sababu. Hakunishitaki.

Nilifungua kifungo cha juu cha blauzi nikaitoa firimbi. Niliishika kwenye kiganja changu, sikumpa. Nilimwambia yote, pindo la kikwembe, swali la shangazi, jibu langu.

Alikaa juu ya gunia la mahindi. Alisema kwamba walipofungua sanduku, mama yao aliomba apewe kila kitu kimoja kimoja mkononi. Alishika nyundo, akashika bisibisi, akashika ufunguo huu. Aliuliza kama hakuna kitu ambacho kinywa cha mwanawe kilikigusa. Kwao mzazi ambaye hakufika kuzika anapewa kikombe cha marehemu, au kiko chake, chochote chenye pumzi yake, anakilalia siku chache ndipo anaweza kuketi na watu tena. Walimletea kikombe kutoka nyumbani kwangu, lakini mama aliking'amua kwa vidole kuwa ni kipya. Ni kweli kilikuwa kipya. Cha zamani kilivunjika mwezi wa saba. Tangu siku hiyo alikuwa bado chumbani.

Ningependa kuandika kwamba niliitoa kwa moyo mweupe. Sikuitoa hivyo. Nilisimama pale nikitafuta sababu. Nilifikiri kumwambia shemeji kwamba firimbi ni chombo cha pisini, ni cha komini, na watoto wanahitaji kuisikia. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa uongo, kwa sababu firimbi alikuwa ameinunua mwenyewe. Shemeji aliweka ufunguo miguuni pangu. Hakusema nichague. Alisema, "Hii ni yenu, uende nayo," akawasha mashine kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa amefika na beseni la mahindi.

Niliingia kwa mama mkwe peke yangu. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinitambua kwa sauti. Alinishika uso wote, akafuta macho yangu kwa kidole gumba, ingawa ya kwake ndiyo yaliyokuwa yanatoka maji. Niliweka firimbi mkononi mwake na kumwambia ni nini. Aliizungusha. Alipata ile sehemu iliyochakaa.

"Alikamata hapa?"

"Ndiyo, mama. Na meno."

Aliiweka mdomoni. Nilijiandaa kusikia mlio. Hakupuliza. Aliishika tu kati ya midomo, macho yamefumbwa, akipumua kwa pua, mpaka nilipoona ni vizuri nitoke. Asubuhi nilipokuwa naaga, alikuwa amekaa nje na jirani zake, wanachambua samaki wadogo kwenye ungo, na uzi wa firimbi ulikuwa umezungushwa kwenye mkono wake. Hakuna aliyeniambia kitu juu ya kuficha kwangu, wala siku ile wala baadaye.

Nilifika Lubumbashi siku ya nane. Rais wa komite alinisubiri na wale wanaume watatu. Niliingiza ufunguo mwenyewe. Pale shaba ilipokuwa imekwaruzwa uliteleza kidogo, na fundi wa redio alifunika uso kwa mikono. Nilisukuma chini kwa uzito wangu wote kama nilivyomwona marehemu akifanya, nikageuza pole pole. Ukashika. Ndani ya bomba tulisikia maji yakipita.

Kuyasafisha kulichukua siku mbili na nusu. Niliwaonyesha wanaume namna ya kurudisha mchanga na kuuosha, na nilipima dawa kwa kopo la maziwa kama alivyokuwa anapima. Maji yalipita kutoka kijani kwenda maziwa, halafu yakaanza kutulia. Mama wa komini alikuja siku aliyosema. Alichota chupa yake, akaitazama kwenye jua. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua kwamba amewahi kuliona: aliokota kifuniko cha chupa njiani, akakitupa upande wa kina kirefu, akasimama ukingoni. Sote tulisimama. Kilikuwa kinaonekana, hata meno yake ya pembeni. Aliandika. Aliuliza anayetunza maji sasa ni nani, na rais wa komite akasema ni mimi. Aliniuliza jina langu lote na namna linavyoandikwa.

Watoto walirudi siku hiyo hiyo.

Jioni ya kwanza nilisimama pale alipokuwa anasimama marehemu, nikainua mkono shingoni, hakukuwa na kitu. Niliita kwa sauti. Sauti yangu haiendi mbali, na watoto walidhani nazungumza na mtu. Ilibidi nizunguke ukingo wote nikiwagusa mabega. Nilifanya hivyo wiki mbili. Komite ilitaka kuninunulia firimbi nyingine, nikasema bado.

Juzi mvua ya kwanza kubwa ilitufikia mchana. Upande wa mashimo kulikuwa kweusi, na radi ikapiga wakati watoto wengi walikuwa majini. Niliita, mvua ikala sauti yangu. Ufunguo ulikuwa mkononi kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye vane. Niliupiga kwenye ngazi ya chuma, mara tatu, mara nne. Mlio wake ulipita ndani ya maji, na vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Walitoka wakikimbia, wakavaa sapatu kwenye tope, wakaondoka wakipiga kelele kuelekea kwao.

Nilikwenda kutazama mstari. Jozi moja ilikuwa imebaki, ya rangi ya waridi, ndogo, kamba moja imefungwa kwa waya.

Nilirudi ukingoni. Mvua ilikuwa inatoboa maji juu na sikuweza kuona vizuri, kwa hiyo nilipiga magoti, nikashuka ngazi mpaka kifuani na nguo zangu nyeusi, nikaingiza uso ndani na kufungua macho. Niliona sakafu yote. Niliona wavu wa bomba la chini, mstari wa saruji pale nyufa zilipozibwa, na kifuniko cha chupa cha asubuhi. Hakuna kingine. Nilihama upande wa pili wa ngazi nikatazama tena. Hakuna kingine.

Nilipopanda juu, msichana mdogo alikuwa amesimama getini, miguu mitupu, analia kwa sababu mama yake amemrudisha kufuata sapatu. Nilimpa. Alizivaa, ya kushoto kwanza. Aliponipa kisogo niliutazama mstari, ulikuwa mtupu, nikafunga geti.